Umepigwa Ndani ya Nyumba: Hospitali Kwanza, Kikao cha Ukoo Baadaye

Mdogo wangu aligonga mlango wangu saa tano usiku, khanga kaizungushia shingoni kama mwenye baridi. Ilikuwa mwezi wa kwanza, Dar es Salaam, joto la kulala mlango wazi. Alisema kaanguka bafuni. Nilipoitoa ile khanga nikaona alama za vidole.

Usiku ule nilikosea mara tatu. Nilimkanda kwa maji ya moto. Nikampelekea ndoo bafuni aoge, alale. Na kulipokucha nikampigia simu shangazi badala ya kumpeleka hospitali. Shangazi akasema, "Funika kombe mwanaharamu apite," kikao kikapangwa Jumapili. Siku ya pili sauti ya mdogo wangu ikakauka, tukasema ni ya kulia. Siku ya tatu akashindwa kumeza uji, ndipo tukakimbia. Daktari aliuliza swali moja tu: "Mlikuwa mnasubiri nini?"

Alipona. Ila zile siku tatu sijazisahau, na mwongozo huu nauandika kwa ajili yake. Ninayoyaeleza ni ya Tanzania Bara. Upande wa tiba ni uleule popote ulipo. Kwa Zanzibar sheria za ndoa ni nyingine na kuna Mahakama ya Kadhi. Nazungumza na mwanamke kwa sababu ndio wanaojaa kwenye mabenchi ya kungojea, lakini mwanaume aliyepigwa naye ana haki ya kila huduma nitakayoitaja, na asione haya kuidai.

Usiku wenyewe

Ukiona mambo yanachafuka, usikimbilie jikoni, kwani huko kuna visu, mafuta na moto. Usijifungie bafuni kusiko na njia ya pili. Elekea mlango wa nje, elekea kwenye watu. Piga kelele bila kuona aibu. Jirani, mjumbe wa shina, mwenye duka aliyechelewa kufunga, yeyote. Polisi wa dharura ni 112. Kama kuna mtoto anayepigwa au aliye hatarini, 116 ni namba ya simu ya kumsaidia mtoto, bure.

Usimtangazie kwamba unaondoka. Hapa nasisitiza, kwa sababu wengi hutamka kwa hasira: "Kesho naenda kwetu, hunioni tena." Wakati wa hatari kubwa kuliko wote ni pale mpigaji anapohisi kwamba mwanamke anatoka mikononi mwake. Ondoka kimyakimya. Ukiweza, chukua simu, kitambulisho cha NIDA, kadi ya kliniki ya mtoto na dawa unazomeza kila siku. Ukishindwa, viache. Vyeti unaweza kuvifuata siku nyingine ukiwa na polisi au mtendaji wa mtaa.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Naanza na kukabwa shingo kwa sababu ndiko kunakodharauliwa. Aliyekabwa anaweza asiwe na alama hata moja nje, huku ndani mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo umejeruhiwa au koo linavimba polepole. Madhara yanaweza kujitokeza baada ya saa kadhaa, hata siku kadhaa, na yanaweza kuua au kuleta kiharusi kwa msichana wa miaka ishirini na mitano. Nenda hospitali usiku huohuo kama ulikabwa na ukaona lolote kati ya haya: ulizimia hata kwa sekunde chache, ulijikojolea, sauti imekauka, kumeza kunauma, unakohoa, una vidoti vyekundu machoni, kichwa kinauma sana, macho yana ukungu, mkono au mguu mmoja umekufa ganzi. Na kama hukuona lolote, nenda hata hivyo kukicha, umwambie daktari kwa neno lake: "Nilikabwa." Usiseme "alinishika shika". Neno lenyewe ndilo litakalomfanya akuchunguze shingo.

Kichwa kilichopigwa ukutani au kwa kitu kizito: kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuongea maneno yasiyoeleweka, degedege, maji au damu puani na masikioni, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine. Hayo yote ni ya kukodi bajaji saa nane za usiku.

Tumbo au mbavu: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, tumbo gumu, kizunguzungu ukisimama, kupumua kwa shida, damu kwenye mkojo. Mtu anaweza kuvuja damu ndani bila tone kuonekana nje.

Mjamzito asingoje dalili. Teke moja la tumbo linaweza kubandua kondo la nyuma, na mtoto akaishiwa hewa huku mama anajiona mzima. Damu ukeni, tumbo linalobana na kuachia, maji kutoka, mtoto kutocheza kama kawaida: nenda sasa hivi. Chukua kadi ya kliniki. Kama kundi lako la damu ni hasi, mtajie daktari, kwa sababu kuna sindano inayotakiwa ndani ya saa 72.

Usifanye haya

Usikandwe kwa maji ya moto. Najua, mama zetu wote wametukanda, na nia yao ni njema. Lakini uvimbe mbichi ukiukanda kwa moto damu inazidi kumwagika ndani. Siku mbili za mwanzo ni baridi: kitambaa kilichochovywa maji ya baridi, au barafu iliyofungwa kwenye nguo, dakika kumi na tano, upumzike, urudie.

Usimeze diklofenaki wala aspirini kama kichwa au tumbo limepigwa au una mimba. Panadoli inatosha hadi umwone daktari.

Kofi la sikio likikuachia mvumo au usikivu umepungua, huenda ngoma ya sikio imepasuka. Usitie mafuta, usitie maji ya chumvi, usichokonoe. Ukioga, ziba kwa pamba yenye mafuta ya mgando.

Ukimwagiwa maji ya moto au mafuta, weka sehemu hiyo chini ya maji safi ya bomba kwa dakika 20, kisha funika kwa nguo safi. Dawa ya meno, yai, unga: hapana. Ukiumwa na meno ya mtu, osha kwa maji mengi na sabuni, na usilichukulie jeraha hilo kama mchubuko. Mdomo wa binadamu una wadudu wengi na jeraha lake huoza haraka. Utahitaji dawa, na chanjo ya pepopunda kama hujachanja karibuni.

Hospitali ipi, na useme nini mapokezini

Kituo chochote cha afya kilicho wazi kinafaa kuanzia. Ukiweza kuchagua, nenda hospitali ya wilaya, ya rufaa ya mkoa au yoyote yenye kituo jumuishi, vile watu wanavyoviita Mkono kwa Mkono. Dar es Salaam kipo Amana, Ilala. Unguja kipo Mnazi Mmoja. Na mikoa mingine kadhaa inavyo. Uzuri wake ni kwamba daktari, polisi, afisa ustawi wa jamii na mshauri nasaha unawakuta sehemu moja, husimulii aibu yako kwenye madirisha manne.

Sasa PF3, fomu namba 3 ya polisi, ambayo watu wengi wanaijua kama kikwazo. Sisi tulipofika kituo cha kwanza tulirudishwa tukaifuate, na mdogo wangu hawezi kumeza mate. Kwa hiyo shika hili: mgonjwa wa dharura anatibiwa kwanza, fomu inafuata. Ukirudishwa, usibishane na wa dirishani. Sema kwa utulivu: "Naomba kumwona mganga wa zamu," au "Naomba kumwona afisa ustawi wa jamii." Anayekusindikiza anaweza kwenda polisi kuuliza fomu wakati wewe unahudumiwa. Kama hali yako si ya dharura na polisi wapo njiani, pitia uichukue. Fomu haiuzwi. Ukiambiwa uchangie karatasi au mafuta ya gari, TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, wanapatikana kwa 113.

Mapokezini usitaje mambo yako mbele ya foleni. Inatosha: "Nimefanyiwa ukatili nyumbani, naomba nizungumze na muuguzi faraghani." Kama mume kakusindikiza, na hilo hutokea sana, yeye ndiye anayejibu maswali yote na mkono kauweka begani mwako, omba kwenda kupima mkojo. Ukifika huko mwambie muuguzi.

Huna hela? Kila hospitali kubwa ya serikali ina ofisi ya ustawi wa jamii yenye kazi ya kushughulikia msamaha kwa asiyeweza kulipa. Ulizia mapema, kabla bili haijakua. Na kama bima yako ni ya mumeo, waulize kabla ya kutoa kadi kama matumizi yataonekana kwake.

Ndani kwa daktari eleza mwili wako wote, usiishie kwenye panapoonekana. Daktari akiona jicho limevimba atatibu jicho. Usipomwambia ulipigwa teke mgongoni hatalijua. Sisi tuna ngozi nyeusi, na chubuko jipya juu yake halionekani wekundu kama kwenye picha za vitabu. Mwambie aguse: "Hapa panauma, hapa pana joto." Na usiseme ulianguka. Nasema kwa upole, najua kwa nini tunasema hivyo. Lakini daktari ataandika ulichosema, na miezi sita baadaye wakili wa upande wa pili atasoma kwa sauti mahakamani: "alianguka bafuni".

Kama alikulazimisha tendo la ndoa

Hapa saa zinahesabiwa, na zinahesabiwa hata kama aliyekulazimisha ni mume wa ndoa.

Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, PEP, zinaanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Utapimwa kwanza, kisha utameza kwa siku 28 mfululizo. Kichefuchefu kinaweza kukusumbua. Mwambie muuguzi, usiache dawa kimyakimya. Kama unarudi nyumba ambayo kopo la dawa likionekana ni vita, liseme hilo, mpange pa kuziweka: kwa dada, kazini, kwa jirani.

Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, P2 kama tunavyoviita madukani, hufanya kazi vizuri zaidi mapema. Mwisho ni siku tano. Kuna pia dawa za kukinga magonjwa ya zinaa na chanjo ya homa ya ini B.

Usioge, usijitawaze, usipige mswaki kama alitumia mdomo, usibadili nguo kabla ya kuchunguzwa, ukiweza kuvumilia. Kama umeshaoga, kama mdogo wangu, nenda tu. Bado kuna mengi ya kutibu na ya kuandika. Nguo za usiku ule zitie kwenye bahasha ya kaki au zifunge kwa gazeti. Usitumie mfuko wa nailoni, kwani unyevu unaharibu ushahidi.

Kwenye sheria sitakuficha. Kanuni ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, haihesabu kuwa ni ubakaji mume anapomlazimisha mke anayeishi naye. Inahesabu pale wanapokuwa wametengana. Wengi wetu tunaona ni pengo linaloumiza, na tutaendelea kulisema. Lakini pengo hilo halifuti kipigo, majeraha, vitisho wala kukabwa, ambavyo vyote ni makosa, na halimpi muuguzi yeyote sababu ya kukunyima PEP.

Karatasi itakayokusemea

PF3 ina sehemu ya polisi na sehemu ya daktari. Ile ya daktari ndiyo moyo wake: jeraha liko wapi, ukubwa gani, limesababishwa na kitu gani, la siku ngapi. Kabla hujaondoka chumbani soma, au mwombe akusomee. Angalia kwamba kila jeraha limeandikwa, kuna jina, sahihi, tarehe na muhuri. Daktari huyo anaweza kuitwa mahakamani, kwa hiyo jina lake lisomeke. Kisha, kabla ya kuirudisha polisi, ipige picha kwa simu pande zote. Mafaili hupotea.

Majeraha nayo yapigwe picha: moja ya mbali inayoonyesha sura yako, moja ya karibu yenye sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Rudia siku ya pili na ya tatu, maana michubuko mingine huiva baadaye. Mtumie ndugu mmoja mnayeaminiana azihifadhi, kisha zifute kwako kama simu yako inapekuliwa. Ujumbe wa kuomba msamaha, "nisamehe mke wangu, zilikuwa hasira", nao ni ushahidi mzito. Usiufute kwa huruma kabla ya kuuhifadhi.

Polisi

Ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Vituo vingi vina chumba chake pembeni ili usisimulie kaunta. Eleza kwa mpangilio: lini, wapi, kwa kitu gani, nani alisikia, na kama si mara ya kwanza, taja mara za nyuma pia. Usitoke bila namba ya RB, ile ya kumbukumbu ya taarifa yako kituoni, na uandike jina na simu ya mpelelezi kwenye daftari. Kama ametishia kukuua, kama ana silaha, kama alikukaba, hakikisha yameandikwa. Usikubali yabaki ya mdomo.

Utaambiwa, pengine na polisi mwenyewe, "Haya ni mambo ya ndani, nendeni mkayamalize." Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake kwa jina la kumwadhibu. Shambulio la kudhuru mwili ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na cheti cha ndoa hakilibadilishi. Ukigonga mwamba dawatini, panda kwa mkuu wa kituo. Kata na mitaa mingi ina kamati ya MTAKUWWA, ile ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Mtendaji wa kata anaijua na afisa ustawi yumo.

Kikao, baraza, talaka

Sikupingi ukitaka ukoo ukae. Wazee wengine wana hekima, na si kila mwanamke anataka mumewe afungwe. Wengi wanataka tu kipigo kiishe. Ninachopinga ni kikao kutangulia matibabu, na kikao cha kumketisha aliyekabwa jana pembeni ya aliyemkaba, mawifi upande huu, mashemeji upande ule, aulizwe, "Wewe ulimfanya nini mpaka akakasirika?" Ukiitwa, una haki ya kusema: "Nitakuja nikipona."

Usichanganye njia mbili. Kesi ya kipigo ni ya jinai, inaanzia polisi, na wewe ni shahidi wa Jamhuri. Talaka ni shauri jingine: kwa kawaida linaanzia baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata, la kanisani au la BAKWATA, kisha mahakamani, na ukatili ni mojawapo ya sababu ambazo sheria inazitambua. Hulazimiki kupita baraza ndipo ukaripoti kipigo.

Hofu mbili humrudisha mwanamke: watoto na mali. Mtoto asiyetimiza miaka 7, sheria inaanza kwa kuamini kwamba ni vema akae na mama, mpaka ithibitishwe vingine. Na tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango kwenye mali ya ndoa. Kupika na kulea kwako kote huko si bure. Kwa kusimamiwa bila malipo nenda TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake), Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, au msaidizi wa kisheria wa wilayani kwako, ambao kazi yao inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Simu yako

Kama laini imesajiliwa kwa alama za vidole vya mumeo, anaweza kwenda kuirudisha na namba yako, na hela zako, zikawa mkononi mwake. Piga *106# kuhakiki usajili. Sajili laini mpya kwa kitambulisho chako, hamisha akiba kidogokidogo, badili namba ya siri, na isiwe mwaka wa kuzaliwa mtoto. Angalia kama WhatsApp yako imefunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Zima mahali ulipo. Na ukurasa huu, kama unausomea kwenye simu mnayotumia pamoja, ufute kwenye historia.

Hata kama unarudi, na wengi hurudi, sitakulaumu, andaa mfuko. Nakala za vyeti vya watoto na cha ndoa, kadi ya kliniki, nguo mbili, nauli, ufunguo wa akiba. Usiuweke chini ya kitanda. Uache kwa mtu ambaye mumeo hana mazoea naye, kwa sababu kwa mama yako ndiko atakakokufuata kwanza.

Wewe unayemsindikiza

Usimwulize "kwa nini hukuondoka". Beba maji, chaja, hela ndogondogo na daftari. Mjibie mapokezini kama hawezi kusema, lakini kwa daktari mwache aingie peke yake akitaka. Andika dawa alizopewa na tarehe za kurudi: kuangaliwa majeraha, chanjo zilizobaki, kipimo cha VVU baada ya wiki 6 na baada ya miezi 3. Usimwahidi siri usiyoweza kuitunza kama kuna mtoto anayepigwa.

Kisha mfuatilie wiki ya tatu, simu za pole zikishakatika. Mdogo wangu ndipo alipoanza kuruka usiku akisikia geti likigongwa, akaacha kula, akasema heri asingeamka. Nilimrudisha hospitali ileile, safari hii kwa mshauri nasaha, siku ya Alhamisi. Mara ya kwanza alikaa nusu saa bila kusema neno. Alhamisi iliyofuata alikwenda mwenyewe.